PORI, MBUNG'O NA KAZI YA WENGI
Somo la afya kwa vikundi vya kujifunza vya vyama vya msingi

UTANGULIZI

Wahenga walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hiyo hutajwa mara nyingi katika mikutano ya vyama vya ushirika, na aghalabu hutajwa kwa ajili ya pamba, mizani au mikopo ya pembejeo. Lakini kuna jambo jingine ambalo kidole kimoja hakiliwezi kabisa, nalo ni maradhi ya kuambukiza. Mkulima aweza kulipa deni lake peke yake. Hawezi kujikinga peke yake na ugonjwa uliomo katika maji ya kijiji kizima, wala ule uliomo katika pori linalozunguka mashamba ya watu wote.

Somo hili laeleza habari za ugonjwa wa malale katika nchi ya Shinyanga na ukanda wa Geita. Makusudi yake ni matatu. Kwanza, mwanachama aelewe jinsi ugonjwa huo unavyoenea. Pili, ajue jinsi wazee wa sehemu hizi walivyopambana nao katika miaka ya 1920 na 1930. Tatu, apime faida na hasara ya mapambano hayo, maana kazi ya umoja, kama biashara ya chama, haina budi kufanyiwa hesabu pande zote mbili.

1. UGONJWA NA MDUDU WAKE

Malale huletwa na kijidudu kidogo mno kisichoonekana kwa macho, ambacho huishi katika damu ya mtu au mnyama. Kijidudu hicho huchukuliwa na mbung'o. Mbung'o akimwuma mnyama mwenye vijidudu, kisha baada ya siku kadhaa akamwuma mtu, huweza kumwambukiza. Daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, aliona mwaka 1895 huko Zululand kwamba mbung'o ndiye aletaye nagana, ugonjwa wa ng'ombe. Na mwaka 1903, akiwa Uganda, alithibitisha kwamba mbung'o huleta malale ya binadamu vilevile.

Mtu aliyeumwa na mbung'o mwenye vijidudu huweza kupata uvimbe wenye maumivu pale alipoumwa. Baadaye hupata homa ya kuja na kwenda, maumivu ya kichwa na ya viungo, na pengine kuvimba kwa tezi. Vijidudu vikifika kwenye ubongo, mgonjwa huchanganyikiwa, hubadilika tabia, husinzia mchana na kukosa usingizi usiku. Aina ya malale ipatikanayo Tanzania ni kali. Isipotibiwa, huweza kuua katika muda wa miezi michache tu.

Mbung'o ana udhaifu mmoja mkubwa ambao mwanachama yampasa kuukumbuka. Yeye si kama mbu anayetaga mayai mamia. Mbung'o jike huzaa funza mmoja tu kwa mara moja, yapata kila baada ya siku kumi, na humweka mahali penye kivuli na udongo laini. Funza huyo hujichimbia chini, akakaa mwezi mmoja au zaidi kabla ya kutoka akiwa mbung'o kamili. Kwa hiyo mbung'o hutegemea mambo mawili: kivuli cha pori na damu ya kunywa. Akikosa mojawapo hawezi kudumu.

2. JINSI PORI LILIVYOWAKARIBIA WATU

Wengine hudhani kwamba mbung'o walikuwa wametanda kila mahali tangu kale, na kwamba watu hawakuwa na njia yoyote ya kuwazuia. Sivyo. Palipokuwa na watu wengi, mashamba na mifugo, pori lilikatwa kwa kuni na kujengea, majani yalichomwa kwa wakati wake, na ng'ombe na mbuzi walikula machipukizi. Hivyo mbung'o aliwekwa mbali na makazi bila sheria yoyote iliyoandikwa.

Mpango huo ulivunjika mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakati sotoka ilipoangamiza ng'ombe wengi mno katika Afrika Mashariki. Baada ya sotoka ikaja njaa, na baada ya njaa ikaja ndui. Kisha Vita Kuu ya mwaka 1914 hadi 1918 ikachukua wanaume wengi kuwa askari na wapagazi, na mara baada yake homa kali ya mafua ikapita. Watu walipopungua, mashamba yaliachwa, na vichaka vikaota mahali palipolimwa. Wanyama wa porini waliongezeka upesi, na mbung'o akawafuata. John Ford, aliyefanya kazi ya utafiti wa mbung'o nchini, alilieleza jambo hili kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1971. Na Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alionyesha jinsi wenyeji walivyokuwa wakilitawala pori kabla ya utawala wa kigeni.

Wakati huohuo malale yalikuwa yamewasha moto upande wa kaskazini ya Ziwa Viktoria. Tangu mwaka 1900 hadi 1920 hivi, watu zaidi ya laki mbili walikufa katika Uganda. Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani, Robert Koch, alipitia Mwanza akaenda visiwa vya Sese kujaribu dawa iliyoitwa Atoxyl, iliyokuwa na sumu ya arseniki. Baadhi ya wagonjwa waliopewa dawa hiyo kwa wingi walipofuka. Kwa hiyo katika siku zile dawa yenyewe ilikuwa ya kuogofya, na kinga ikabaki kuwa ndiyo tegemeo.

3. ADUI NI MMOJA, MAKAO YAKE NI MBALIMBALI

Yafaa hapa kulinganisha na nchi ya watawala wenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20 miji ya Uingereza nayo ilikuwa ikipigana na maradhi ya kuambukiza: homa ya matumbo, dondakoo, ndui na kifua kikuu. Adui wa miji ile alikaa katika maji machafu na nyumba zilizosongamana. Sheria ya afya ya mwaka 1875 ilizipa halmashauri wajibu wa kuleta maji safi na kuondoa maji machafu, na kila halmashauri ilikuwa na mganga wake wa afya. Sheria za mwaka 1889 na 1899 zilimtaka daktari atoe taarifa kila aonapo mgonjwa wa maradhi yaliyotajwa. Gharama zililipwa kwa kodi ya wenye nyumba, nao ndio waliowapigia kura madiwani.

Mambo matatu yaonekana hapo: taarifa ya mapema, kazi ya pamoja, na walipaji wenye sauti katika uamuzi. Huku Usukumani adui alikaa kichakani, hakukaa kwenye mfereji, na silaha iliyopatikana ilikuwa shoka. Kazi ya pamoja ilikuwapo tele. Lakini sauti ya mwenye shoka ilikuwa ndogo, na hilo ndilo lililoleta sehemu ya hasara itakayoelezwa baadaye.

4. SHOKA NA MOTO KATIKA SHINYANGA

Mwaka 1922 malale makali yalizuka katika nchi ya Maswa, kusini-mashariki ya Mwanza. C. F. M. Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika, alikwenda kuchunguza. Mbung'o waliopatikana huko walikuwa wa aina ambayo wataalamu hawakuwa wameiandika bado. Mwaka 1923 aina hiyo ilipewa jina lake. Mbung'o huyo hupenda pori la miiba la nchi kavu, yaani pori lilelile linalopakana na malisho ya Wasukuma.

Swynnerton alifanya Shinyanga kuwa makao ya kazi yake. Idara ya utafiti wa mbung'o iliyoundwa kufikia mwaka 1930 iliwekwa mahali pafahamikapo hata leo kwa jina la Old Shinyanga. Njia mbili zilitumika zaidi. Ya kwanza ilikuwa moto. Majani yalikatazwa kuchomwa mapema. Yaliachwa yakauke hadi mwisho wa kiangazi, kisha yakachomwa siku moja katika eneo kubwa, ili moto uwe mkali wa kuua vichaka. Ya pili ilikuwa shoka. Kila kiangazi, baada ya mavuno, maelfu ya wanaume waliitwa kwenda kufyeka pori kwa siku kadhaa. Hawakuwa vibarua wa kulipwa mshahara. Waliitwa kwa amri ya watemi, nao watemi walikuwa chini ya serikali ya kikoloni.

Isisemwe kwamba wote walikwenda kwa kulazimishwa tu. Mwenye ng'ombe aliona kwa macho yake kwamba pori likirudi nyuma, malisho husonga mbele, na nagana hupungua. Moto nao usingaliweza kufanya kazi kama kila kijiji kingechoma kwa siku yake. Mtu mmoja tu akichoma mapema, majani hupata njia nyeusi zinazokata moto, na kazi ya wilaya nzima huharibika. Hapa ndipo ilipo maana ya methali nyingine isemayo kwamba mchuma janga hula na wa kwao.

Swynnerton alikufa mwaka 1938 katika ajali ya ndege, pamoja na mtaalamu wa mimea, B. D. Burtt. Kazi iliendelea baada yao.

5. KUHAMISHWA KATIKA NCHI YA MIYOMBO

Upande wa magharibi, kuanzia Kahama hadi Biharamulo na sehemu za Uzinza iliko Geita, hali ilikuwa tofauti. Huko watu walikuwa wachache, pori lilikuwa kubwa la miyombo, na makazi yalitawanyika. Kufyeka pori lote hakukuwezekana. Kwa hiyo serikali iliamua kuwakusanya watu. Daktari George Maclean, aliyesimamia kazi ya malale nchini, alishikilia kwamba familia nyingi zikikaa pamoja na kulima pamoja, mashamba yao yenyewe yataondoa kivuli, na mganga ataweza kuwafikia.

Hoja hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake. Katika makazi hayo wagonjwa walionekana mapema, na maambukizo yalipungua. Lakini waliohamishwa waliacha makaburi ya wazee wao, miti ya matunda, mizinga ya nyuki na mahali pa kuvulia samaki. Walikatazwa kurudi, na aliyerudi aliadhibiwa. Baadhi walitoroka kurudi porini, si kwa sababu hawakuyaogopa malale, bali kwa sababu njaa na upweke wa makazi mapya vilikuwa karibu zaidi. Aidha, nchi iliyoachwa bila watu iligeuka kuwa pori zaidi, ikawa makao ya wanyama na mbung'o.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mwendo uligeuka. Mpango wa maendeleo wa Usukuma, ulioanza mwaka 1947, ulikusudia kupunguza msongamano wa watu na mifugo katika Usukuma ya kati. Mapori ya Geita yakafyekwa, na wakulima wa pamba wakahamia huko kwa wingi. Hivyo vyama vingi vya pamba vya upande wa Geita vilizaliwa katika ardhi ambayo kizazi kimoja kabla yake ilikuwa ya mbung'o. Wenyeji wa Uzinza, waliokuwa wamekatazwa sehemu za nchi yao, walishuhudia wengine wakifunguliwa mlango.

6. HESABU YA UPANDE WA PILI

Shoka lilishinda katika sehemu kubwa ya Shinyanga. Hakuna sababu ya kuwavunjia heshima wazee waliolishika. Ila yafaa kuuliza: katika hesabu ile, gharama ya kukosa miti iliandikwa wapi?

Haikuandikwa. Pori lilihesabiwa kuwa makao ya adui tu. Halikuhesabiwa kuwa kuni, nguzo, dawa za miti, asali, kivuli cha mifugo na kinga ya udongo. Baada ya kufyeka yakaja mambo mengine: mashamba ya pamba na tumbaku yaliyopanuka, mifugo iliyozidi malisho, na uhamisho wa vijijini wa miaka ya 1970 uliowaondoa watu karibu na malisho waliyokuwa wakiyatunza. Kufikia miaka ya 1980 sehemu nyingi za Shinyanga zilikuwa tupu. Udongo ulichukuliwa na upepo na mvua, wanawake walitembea mwendo mrefu kutafuta kuni, na mkoa ukaitwa jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI. Mwanzoni miche iligawiwa kama ilivyozoeleka, na mafanikio yalikuwa madogo. Kisha wataalamu wakayasikiliza maarifa ya wenyeji. Wasukuma walikuwa na desturi ya ngitili, yaani kufunga kipande cha malisho wakati wa masika ili majani na miti viote, na kukifungua wakati wa kiangazi kikali. Visiki vilivyokuwa bado hai chini ya ardhi vilichipua vyenyewe. Sheria ziliwekwa katika mikutano ya kienyeji iitwayo dagashida, na walinzi wa vijiji wakazisimamia.

Mwaka 1986 ngitili zilizoandikwa zilikuwa hekta 600 hivi. Kufikia mwaka 2004 zilikuwa zimezidi hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 mpango huo ulipata Tuzo ya Ikweta, inayotolewa chini ya Umoja wa Mataifa. Mambo hayo yaonyesha kwamba mkono uleule ulioitwa kukata uliweza pia kutunza, ila mara ya pili mwenye mkono alikuwa ameketi katika mkutano wa kuamua.

7. NJIA ZA SIKU HIZI

Je, miti ikirudi, mbung'o naye atarudi? Swali hili huulizwa na wafugaji, nalo ni la haki. Jibu ni kwamba leo kuna njia zisizohitaji kuangamiza pori zima. Ziko mitego na vitambaa vya rangi ya buluu na nyeusi vilivyotiwa dawa, ambavyo humvuta mbung'o na kumwua. Ng'ombe wakiogeshwa au kupakwa dawa ifaayo, mbung'o atakayewatua hufa. Kwa kuwa mbung'o huzaa mtoto mmoja mmoja, hasara hiyo humlemea upesi. Katika kisiwa cha Unguja, baada ya kupunguzwa kwa dawa, walimalizwa kabisa kati ya mwaka 1994 na 1997 kwa kurusha madume waliofanywa tasa.

Dawa za binadamu nazo zimebadilika. Kuanzia mwaka 1949 wagonjwa ambao ubongo wao ulikwisha kuguswa walitibiwa kwa melarsoprol, dawa ya arseniki ambayo yenyewe iliweza kuua yapata wagonjwa 5 katika kila 100. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vidonge vya feksinidazoli kwa aina hii kali ya malale. Siku hizi wagonjwa wanaoripotiwa nchini ni wachache. Lakini uchache huo una hatari yake, kwa kuwa ugonjwa usioonekana mara kwa mara husahauliwa, na homa ya malale hudhaniwa kuwa malaria.

8. WAJIBU WA CHAMA CHA MSINGI

Chama si hospitali, wala katibu wa chama si mganga. Hata hivyo, chama kina mkutano, kina daftari na kina watu wanaoaminiana. Kwa hiyo kinaweza kufanya haya yafuatayo.

(a) Kutoa taarifa. Mwanachama anayeingia pori lenye mbung'o, awe mrina asali, mpasua mbao, mchungaji au mchimbaji wa dhahabu, akipata homa isiyokwisha kwa dawa ya malaria, aende hospitali na aeleze wazi kwamba ametoka porini. Neno hilo moja huweza kumfanya mpimaji aitazame damu kwa makini.

(b) Kusimamia josho. Josho likifa kwa kukosa michango, nagana na kupe hurudi kwa wote, hata kwa aliyelipa. Michango na matumizi ya dawa visomwe mbele ya mkutano.

(c) Kuilinda ngitili kwa sheria ndogo zilizopitishwa na wanachama wenyewe, zenye kueleza ni nani hufungua, ni lini, na faini huenda wapi.

(d) Katika ukanda wa Geita, kupanga mapema miti ya matimba. Mashimo ya dhahabu yanahitaji magogo ya kuyategemeza, na magogo hayo hutoka porini. Anayekata bila kupanda anarudia kosa lililokwisha kuonekana Shinyanga.

(e) Kudai hesabu kamili. Mradi wowote ukiletwa, uwe wa kufyeka au wa kufunga pori, wanachama waulize: nani anafaidika, nani anahama, na ni kitu gani kitakachokosekana baada ya miaka ishirini?

HITIMISHO

Wazee wa Shinyanga walionyesha kwamba watu wengi wakishika shoka kwa pamoja huweza kuusukuma nyuma ugonjwa ambao dawa za wakati ule hazikuuweza. Wajukuu wao walionyesha kwamba wengi wakikubaliana kutunza, nchi iliyokuwa tupu huvikwa tena. Tofauti baina ya kazi hizo mbili si nguvu, kwa maana nguvu zilikuwapo pande zote. Tofauti ni mashauri. Katika ushirika, kazi hutanguliwa na mkutano, na mkutano hutanguliwa na elimu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Kwa nini mbung'o huweza kushindwa kwa kupunguziwa kivuli au kwa kuuawa kidogo kidogo, hali mbu ni vigumu?
2. Taja faida mbili na hasara mbili za kuwakusanya watu katika makazi ya malale. Je, hasara zingepungua vipi?
3. Katika eneo la chama chenu, ni mahali gani palipokuwa na pori wakati wa babu zenu? Waulizeni wazee walio hai, na katibu aandike majibu.
4. Josho la kijiji chenu linafanya kazi? Kama halifanyi, tatizo ni dawa, maji, fedha au usimamizi?
5. Tungeni sheria ndogo tatu za ngitili, kisha mzipeleke kwenye mkutano mkuu ujao.